Kwa nini gemu inaganda na bando lipo?

NI Jumamosi alasiri katika kibanda kimoja cha gemu mtaani Pipeline, Nairobi. Mechi ni mbao. Vijana wanane wamebanana kwenye benchi ya watu wanne, na mwenye kibanda ameketi mlangoni akipokea sarafu na kuamua ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza kushika pedi. Mpwa wangu wa miaka 17 hayuko kwenye foleni. Ameegemea ukuta, simu mkononi, uso umekunjamana kama mtu aliyekosa mtihani.

"Anko, hii kitu imenimaliza," akaniambia. "Nimempiga jamaa risasi kwanza. Kwanza kabisa! Halafu mimi ndio nimekufa."

Si mara ya kwanza kulalamika. Kwao wanatumia waifai ya ploti, na kila jioni gemu yake inaganda, inaruka, halafu anajikuta amelala chini. Muuzaji mmoja wa intaneti aliyekuwa akipita mlango kwa mlango alikuwa amemhakikishia kwamba dawa ni moja tu: ongeza kasi mara mbili, utasahau shida hiyo. Kijana alikuwa ameosha magari likizo nzima akaweka Sh4,000. Jumatatu alikuwa anaenda kulipa.

Akaniuliza kama ni sawa. Nikamwambia nadhani ni sawa. Mimi naandika habari za teknolojia, na hata hivyo nilikuwa nimeamini kwa miaka kwamba intaneti ya kasi ni intaneti ya kasi, basi.

Kilichomwokoa ni udadisi wake. Kabla ya kutoa pesa, alitupa swali lake katika kundi la wachezaji kwenye simu, watu wa Mombasa, Kisumu, Kampala na kwingine ambao hajawahi kuonana nao uso kwa uso. Ukishawahi kuuliza swali kwenye kundi kama hilo unajua kinachofuata. Wa kwanza alimwambia anunue simu, si kulia. Wa pili akasema shida si intaneti, shida ni mikono. Wa tatu akamtumia programu ya "kupunguza pingi hadi sifuri", ambayo ilipofunguliwa ilitaka kwanza nywila ya akaunti yake ya gemu. Aliifuta haraka. (Akaunti ya miaka mitatu, na silaha zake zote, ingeenda hivyo hivyo.)

Kisha mtu mmoja ambaye picha yake ni ya paka akaandika maswali matatu, bila salamu: Pingi ni ngapi? Seva ya gemu iko wapi? Na ukicheza saa nane usiku, inakuwaje?

Mpwa wangu hakuwa na jibu hata moja. Ndiyo wikendi yake ikaisha hapo.

Pingi ni ile namba ndogo inayokaa pembeni mwa skrini ikipimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Inaonyesha ujumbe unachukua muda gani kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva na kurudi. Haina uhusiano wa moja kwa moja na zile Mbps anazokuuzia mtu wa mlangoni. Mbps ni upana. Pingi ni umbali na misongamano ya njiani.

Chukua mfano wa Thika Road. Ilipopanuliwa, magari mengi zaidi yaliweza kupita kwa wakati mmoja. Lakini mji wa Thika haukusogea hata mita moja kuja Nairobi. Ukitaka kupakua filamu, upana unakusaidia sana kwa sababu unasafirisha mzigo mkubwa. Gemu haina mzigo. Inatuma vijibarua vidogo mara nyingi kila sekunde: nimesogea hapa, nimegeuka, nimefyatua. Ni bodaboda, si trela. Bodaboda haijali kama barabara ina njia mbili au nane, inajali ni kilomita ngapi na kama kuna jam.

Na hizo kilomita ni za kweli. Intaneti yetu inapita kwenye nyaya za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Ndani ya kioo, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, sawa na kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 ukikata moja kwa moja kama ndege. Piga hesabu: milisekunde 34 kwenda, 34 kurudi, jumla 68. Hapo hakuna ruta, hakuna jirani anayetazama filamu, hakuna kitu. Ni mwanga tu ukikimbia. Na nyaya hazikati moja kwa moja. Zinashuka Mombasa, zinapanda Bahari ya Shamu, zinavuka Misri, zinaingia Mediterania. Kwa hivyo namba halisi huwa kubwa kuliko hiyo, na kuongeza Mbps hakuongezi mbio za mwanga ndani ya nyaya hizo.

Wazee wetu wa gemu, wale waliocheza kwenye saiba za enzi zile, watakwambia tumetoka mbali. Kabla ya 2009, mwaka ambao nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, Kenya ilitegemea setilaiti. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe upande, ushuke, jibu lipande, lishuke tena: karibu nusu sekunde nzima imekwisha hata kabla seva haijafikiria lolote. Nusu sekunde kwenye gemu ya risasi ni maisha na mazishi.

Sasa turudi kwa ile kesi ya "nilimpiga kwanza". Katika gemu nyingi za risasi, kinachotokea kwenye skrini yako si uamuzi. Ni makisio. Mwamuzi ni seva. Wewe unaona adui akichungulia pembeni mwa ukuta, unafyatua, na habari ya risasi yako inaanza safari. Yule mwenzako anayeishi karibu na seva naye anafyatua, na yake inafika mapema. Kwako wewe ulikuwa wa kwanza, na hudanganyi. Kwa seva ulikuwa wa pili. Gemu nyingi hujaribu kuleta haki kwa kurudisha saa nyuma kidogo, zikaangalia ulikuwa ukiona nini wakati ulipofyatua. Hiyo ndiyo sababu wakati mwingine unauawa ilhali umeshajificha nyuma ya ukuta: kwenye skrini ya aliyekupiga, ulikuwa bado hujafika. Mpwa wangu alipoelewa hilo alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe wote tunasema ukweli."

Jumapili hiyo hakulala. Alikaa macho hadi saa nane usiku na daftari la hesabu, akiandika pingi kila baada ya dakika chache. (Mamake asome hii makala akiwa ameketi.) Jioni, namba yake ilikuwa inacheza kati ya 160 na 400. Usiku wa manane ikatulia 160, haitikisiki. Alipoyapeleka majibu, yule mtu wa paka akajibu kwa mstari mmoja: 160 ni barabara, zinazobaki ni za ploti yenu.

Fikiria maana ya mstari huo. Ile 160 ni umbali wa seva, na kasi mara mbili isingeipunguza hata kidogo. Zile nyingine, kuruka hadi 400, zilikuwa zikitokea ndani ya jengo lao. Pesa za kuosha magari zilikuwa zinaenda kununua upana kwa shida ya jam.

Hapa sitapitisha jambo haraka, kwa sababu nusu ya Nairobi inaishi kwenye jengo kama hilo. Waifai ya kawaida hutumia masafa ya gigahazi 2.4, na ndani ya masafa hayo kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Sasa hesabu ruta zilizo kwenye ploti ya ghorofa saba. Zote zinapigana kwa hizo tatu, na ruta zikisikiana lazima moja ingoje nyingine imalize kuongea. Saa nane usiku watu wamelala, kelele zimeisha. Masafa ya gigahazi 5 yana nafasi zaidi, ila hayapiti ukuta wa mawe vizuri, kwa hivyo lazima ukae karibu na ruta.

Jambo la pili lilikuwa simu ya dadake. Kila jioni ikifika nyumbani ilikuwa inapandisha picha na video zote za siku hiyo kwenye hifadhi ya mtandaoni, kimyakimya. Njia ya kupandisha huwa nyembamba kuliko ya kushusha, na ruta ikizidiwa inapanga kila kitu foleni. Kijibarua cha "nimefyatua" kinajikuta nyuma ya video ya harusi, kama bodaboda iliyokwama nyuma ya trela za mizani pale Mlolongo.

Walibadilisha chaneli baada ya kumbembeleza msimamizi wa ploti. Dadake akahamisha kazi ya kupandisha picha hadi usiku wa manane. Mpwa wangu akahamia kwenye gigahazi 5 na kusogeza kiti hadi karibu na mlango. Pingi ya jioni ikashuka, ikawa inacheza kati ya 165 na 180. Bado anakufa, lakini sasa anajua ni kwa nini, na mara nyingine anakiri kwamba ni mikono.

Udadisi wa aina hii si wa watoto wa Pipeline peke yao. Kuna kisa cha GTA Online, gemu iliyotoka Oktoba 2013. Kwa miaka mingi, wachezaji wa kompyuta walikuwa wakisubiri dakika kadhaa gemu ifunguke. Watu walizoea. Ungebonyeza, ukaenda kuweka chai, ukarudi. Wengi waliamini ni seva, au ni kompyuta zao duni.

Mwishoni mwa Februari 2021, mchezaji mmoja anayejiita t0st, ambaye yake ilikuwa ikichukua kama dakika sita, aliamua kuangalia kompyuta inafanya nini hasa wakati huo wote. Hakuwa mfanyakazi wa kampuni, na hakuwa na msimbo asilia wa gemu. Aligundua kwamba kiini kimoja cha prosesa kilikuwa kinafanya kazi kufa kupona huku vingine vimekaa bure. Kazi yenyewe? Kusoma orodha ya bidhaa zinazouzwa ndani ya gemu, faili la megabaiti 10 lenye vitu kama 63,000.

Jinsi lilivyosomwa ndiyo vituko. Chukulia mwenye duka amepewa daftari nene la bidhaa. Kila anapotaka kusoma neno moja, kwanza anahesabu herufi zote zilizobaki hadi mwisho wa daftari. Anasoma neno. Kisha anahesabu tena hadi mwisho. Akimaliza hapo, kabla ya kuandika bidhaa mpya kwenye rafu, anailinganisha na kila bidhaa iliyokwisha kuandikwa, moja moja, kuhakikisha haijarudiwa. Kwa vitu 63,000 huo ni ulinganishaji wa karibu mara bilioni 2. Na hakukuwa na bidhaa iliyorudiwa.

t0st alirekebisha mambo hayo mawili kwenye kompyuta yake, na dakika sita zikashuka chini ya mbili. Akaandika alichokipata hadharani. Mwezi uliofuata, Rockstar walikiri, wakatoa marekebisho kwa wote, wakamlipa dola 10,000. Mimi kinachonishangaza si pesa. Ni mamilioni ya watu waliokaa mbele ya skrini ileile kwa miaka na kusema, "Ndivyo ilivyo."

Tuseme ukweli pia, si kila kitu kinatatuliwa na daftari la hesabu. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini, na intaneti ikadorora kote Afrika Mashariki. Siku hiyo hungebadilisha chaneli yoyote ukapona. Lakini aliyekuwa na mazoea ya kuangalia pingi yake alijua mapema kwamba asilaumu ruta.

Na zile Sh4,000? Nyingi bado anazo. Sh800 alinunua pedi ya mtumba pale Gikomba, akafika nayo nyumbani akakuta mchezaji wake anatembea kwenda kushoto bila kuguswa. Wiki iliyopita nilimkuta tena kwenye kibanda, safari hii akiwa ameketi chini na bisibisi. Ameshauliza, ameshajibiwa: ndani ya kile kijiti cha kidole gumba kuna kipande cha chuma kinachosugua utepe wa kaboni ili kupima umbali, na utepe ukilika kipimo kinaanza kuongopa. Kuna vijiti vya sumaku visivyosuguana hivyo. Sega waliviweka kwenye Dreamcast miaka ya tisini huko. Anataka kujua kwa nini kampuni nyingine nyingi zilibaki na vile vinavyolika.

Mwenye kibanda alimtazama kwa muda, akainuka, akaenda nyuma ya kaunta. Alirudi na mfuko wa plastiki wenye pedi tano zilizokufa, akaumwaga mbele yake.

"Anza na hizi," akasema. "Ukizifufua, leo unacheza bure."