Ndoa ya iweto si hoja ya ndoa za jinsia moja, lakini inayapima makanisa

KILA mara mjadala kuhusu iwapo makanisa yafungishe ndoa za watu wa jinsia moja unapozuka humu nchini, hakosekani mtu wa kuitaja Ukambani. Hoja yake huwa fupi: Wakamba wa Kitui na Makueni wameozesha mwanamke kwa mwanamke tangu enzi za mababu, hivyo basi jambo hilo halikuletwa na Wazungu. Mpinzani wake humjibu kwamba hizo ni mila za giza ambazo Injili ilikwisha kuzifuta. Wote wawili huwa hawajaitazama vyema ndoa ya iweto.

Tuanze na desturi yenyewe. Kwa mila ya Wakamba, mali ya mume, hasa ardhi na mifugo, hugawanywa kwa kufuata nyumba za wake zake. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume imo hatarini kufutika, na shamba lake kumezwa na mashemeji. Ndipo mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, au aliyezaa mabinti pekee wakaolewa na kuondoka, alipopewa njia ya kujinusuru: alitoa mahari na kumposa msichana. Mbuzi wa ntheo walipelekwa kwa wazazi wa msichana huyo kama ilivyo katika posa nyingine yoyote, maana pasipo ntheo Mkamba hakubali kwamba kuna ndoa. Msichana aliyeposwa hivyo ndiye iweto, na wakiwa wengi ni maweto. Hupata watoto na mwanamume aliyeteuliwa na wenye boma, au aliyejichagulia mwenyewe, lakini mwanamume huyo hana haki za baba. Watoto ni wa nyumba ya aliyetoa mahari, hubeba jina la nyumba hiyo, na ndio warithi.

Kitanda hakimo katika mpango huo. Mwanamke aliyeoa na iweto wake huishi zaidi kama mama mkwe na mkaza mwana kuliko kama wapenzi. Desturi za namna hii zipo pia kwa Wanandi, Wakipsigis, Wakisii na Wakuria, na hata ng'ambo ya mpaka katika mkoa wa Mara, Tanzania, na kwa jumla shabaha yake ni mrithi. Kwa hivyo anayeisimamisha iweto kama shahidi wa ndoa za wapenzi wa jinsia moja amemleta shahidi wa kesi nyingine.

Hata hivyo, shahidi huyo akishapanda kizimbani hawezi kunyamazishwa na upande wa pili. Wahubiri wengi hupenda kusema kwamba Mwafrika hajui ndoa isipokuwa ya mume na mke. Katika vilima vya Mbooni na nyanda za Mwingi kauli hiyo haisimami, maana huko Mwafrika aliijua nyingine na akaitolea mbuzi. Wengine husema ndoa ni kwa ajili ya kuzaa. Kama kuzaa ndiyo sababu, iweto ingestahili kupewa kiti cha mbele kanisani, ilhali haibarikiwi. Na wajane wawili wenye umri wa miaka 70, ambao hawatarajii mtoto, hufungishwa ndoa bila pingamizi. Hoja inayobaki imara kwa wanaopinga ni ile ya Maandiko: kwamba Mwanzo, na maneno ya Kristo katika Mathayo sura ya 19, yanamtaja mwanamume na mwanamke. Hiyo ni hoja ya imani, nayo hujadiliwa kwa imani. Makanisa yanayofungisha ndoa hizo, kama lile la Episkopali la Marekani tangu 2015 na Kanisa la Scotland tangu 2022, yanasoma Biblia hiyo hiyo na kushikilia kwamba kiini cha ndoa ni agano la uaminifu kati ya wawili.

Ukambani hauko pembezoni mwa mvutano huu. Misheni iliyozaa Africa Inland Church ilianzia Nzaui, katika Makueni ya leo, mnamo 1895. Benjamin Nzimbi, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Kitui kuanzia 1995, ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kenya kati ya 2002 na 2009, wakati ushirika wa Kianglikana ulipopasuka baada ya Gene Robinson, shoga aliyeishi waziwazi na mwenzake, kuwekwa wakfu kuwa askofu nchini Marekani mnamo 2003. Msimamo wa Nzimbi uliegemea azimio la Lambeth la 1998, lililopitishwa kwa kura 526 dhidi ya 70, ambalo lilikataa kubariki miungano ya jinsia moja. Mnamo Agosti 2007 aliwaweka wakfu jijini Nairobi makasisi wawili Wamarekani wawe maaskofu wa waumini waliolihama kanisa lao. Kwa upande wa Wakatoliki, Vatikani iliporuhusu Desemba 2023 baraka fupi zisizo za ndoa kwa wapenzi hao, maaskofu wa Afrika walijibu Januari 2024 kwamba hazingetolewa barani humu.

Sheria nayo imefunga mlango. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kasisi wa Wote au Kitui hufungisha ndoa kwa leseni ya serikali, kwa hivyo hata angetaka kuwaunganisha wanaume wawili, cheti asingekuwa nacho. Isitoshe, Kanuni ya Adhabu inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo lenyewe, na Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa vifungu hivyo Mei 24, 2019. Waumini wa namna hiyo wamo makanisani, ila hawana sababu ya kujitokeza.

Mlango huo huo umembana iweto. Maneno "mwanamume na mwanamke" hayakuandikwa kwa kumlenga mjane wa Mutomo, lakini ndoa yake haiwezi kusajiliwa kwayo. Mnamo Juni 2011, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ya Kinandi, na aliyeolewa akathibitishiwa urithi wake. Uamuzi huo ulitangulia Sheria ya Ndoa. Leo bibi mwenye shamba akifariki, iweto hana cheti cha serikali wala cha kanisa. Ana kumbukumbu ya mbuzi na ushahidi wa wazee, ambao nao wanapungua. Shemeji mwenye tamaa hahitaji wakili hodari.

Hapa ndipo makanisa yangeweza kujitazama. Kuhusu wake wengi, maaskofu wa Kianglikana waliamua mnamo 1888 kwamba mume wa mitala asibatizwe. Ilichukua miaka 100, hadi Lambeth ya 1988, kukubali kwamba abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, mradi aahidi kutooa tena. Kanisa halikuibariki mitala. Lilikataa tu kuzivunja nyumba zilizokwisha kujengwa. Kuhusu iweto sijaona tamko la uwazi wa namna hiyo, ijapokuwa mwanamke huyo huweza kuwa mwimbaji wa kwaya, na watoto wake huletwa kwenye ubatizo ambako mchungaji huuliza jina la baba.