Jinsi Kiini cha Kompyuta Kinavyopokea Safu

Tuchukue mfano wa bohari ya kiwanda huko Zegereni, Kibaha. Dereva aleta hati isemayo: katoni 1,001, kila moja ikihitaji futi za ujazo 10. Mtunza bohari azidisha kwa mashine ionyeshayo tarakimu nne za mwisho tu. Jawabu halisi ni 10,010, lakini mashine yaonyesha 0010. Basi atenga nafasi ya katoni moja, huku leja yake ikisema zimo katoni 1,001.

Kosa la namna hii hutokea ndani ya kompyuta. Kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu inayotawala kumbukumbu na vifaa vyote, huombwa na programu za kawaida kipokee safu, yaani vipengele vya ukubwa mmoja vilivyopangwa mfululizo. Idadi hutajwa na programu yenyewe. Kiini huizidisha kwa ukubwa wa kipengele ili kijue nafasi ya kutenga. Iwapo jawabu huwekwa katika biti 32, namba kubwa kabisa ni 4,294,967,295. Programu ikitaja vipengele 268,435,457 vya baiti 16, jawabu hufurika na kubaki 16! Kiini hunakili kipengele kimoja, kisha huendelea kushughulikia vingine milioni 268 ambavyo havimo, na kuvamia kumbukumbu isiyohusika. Mwenye nia mbaya huweza kuitawala mashine nzima kwa njia hiyo. Simu za Android nazo zatumia kiini cha Linux, hivyo jambo hili si la maabara za mbali tu.

Toleo la 6.7 la Linux, la Januari 2024, lilileta chombo kiitwacho memdup_array_user. Hupokea idadi na ukubwa mbalimbali, hukagua kwanza kama jawabu litafurika, na likifurika hukataa ombi. Hapo awali kila mwandishi wa programu alipaswa kukumbuka kukagua mwenyewe, na binadamu husahau.

Iko hatari ya pili. Hati ikibaki mkononi mwa dereva, aweza kuibadili baada ya kukaguliwa. Vivyo hivyo programu huweza kubadili namba iliyo katika kumbukumbu yake. Kwa hiyo kiini hunakili mara moja tu, kisha hukagua nakala yake, wala hakirudii asili.

Mwanafunzi ajaribu vipengele vya baiti 24. Idadi ndogo kabisa inayofurisha ni 178,956,971, na zinazobaki ni baiti 8, zisizotosha hata kipengele kimoja.