Nani Anakata Risiti ya Mkaa

Anayesafiri kutoka Chalinze kwenda Segera huona magunia ya mkaa kando ya barabara, yakisubiri wanunuzi. Mengi huishia Dar es Salaam, jiji linalokadiriwa kutumia karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Kata ya Miono, iliyoko mashariki ya barabara hiyo kwenye njia ya kwenda Saadani, haiko mbali na soko hilo. Mchoma mkaa wa huko hahitaji kuelezwa kwamba miti inapungua, kwani yeye ndiye anayetembea mbali zaidi kila msimu kuitafuta. Anachokosa ni sababu ya kuiacha, maana asipokata yeye, atakata mwingine.

Njia moja ya kulijibu tatizo hili ni kuufunga msitu. Zaraninge, msitu wa asili wa pwani ulio jirani na Miono, ulijumuishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Kinga hiyo inastahili, kwa kuwa misitu ya pwani ni michache na ina mimea isiyoota kwingine duniani. Hata hivyo, hifadhi haipunguzi njaa ya nishati mjini. Marufuku nayo haikufua dafu: mwaka 2006 serikali ilizuia biashara ya mkaa nchi nzima, bei ikapanda, na baada ya wiki chache katazo likaondolewa.

Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania, MJUMITA, ulianzia kwingine. Ulizaliwa mwaka 2000 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG), ukasajiliwa kama asasi inayojitegemea mwaka 2007. Wanachama wake ni vikundi vya wanavijiji wanaoishi kando ya misitu. Nguvu yao inatoka kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, zinazokiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo, kutoza ushuru na kubaki na mapato. Haki hiyo ilikuwa imekaa kwenye karatasi. Kazi ya mtandao ni kuifikisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji: kupima mipaka, kupanga matumizi ya ardhi, kuchagua kamati ya maliasili, kisha kuidai kamati hiyo isome hesabu mbele ya watu.

Mfano ulio wazi zaidi uko wilayani Kilosa, ambako TFCG na MJUMITA walianza mradi wa mkaa endelevu mwaka 2012. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vitalu. Kitalu kikivunwa hupumzishwa miaka 24, visiki vikiachwa vichipue, kwa kuwa miti mingi ya miombo hurudi kutoka kwenye mizizi yake mradi pasilimwe wala kuchomwa moto. Mchoma mkaa anapata leseni kijijini, na mnunuzi analipa ushuru na kukatiwa risiti na kijiji. Fedha hizo zimejenga madarasa na kugharimia doria. Hapo mti ulioachwa una mwenyewe, na mwizi wake anaiba fedha za shule.

Nauona utaratibu huu kuwa bora kuliko mahubiri ya kuacha mkaa, yanayomlenga mpishi wa Manzese, Dar es Salaam, asiye na uwezo wa kununua gesi kila inapoisha. Lakini una udhaifu mkubwa. Kupima mipaka na kuandaa mipango kunahitaji fedha ambazo kijiji hakina, na hadi sasa zimetoka zaidi kwa wafadhili. Vilevile, gunia la kijiji lenye ushuru hushindana na gunia lililochomwa usiku bila kulipiwa chochote, na yote mawili hufika Dar es Salaam kwa lori lilelile. Maadamu kizuizi cha barabarani hakitofautishi magunia hayo mawili, kijiji cha Miono kitakachoamua kufuata sheria kitauza kwa hasara.