Pesa ya kare ikiingia, sombe inatoka

Akina mama wa Shabunda wanajua jambo moja ambalo wengi wetu hatupendi kusema: siku baba anarudi toka kare na pesa, siku ile ndipo inakuwa nguvu kulisha watoto vizuri.

Juu ya nini? Juu pesa ikiingia, nyumba yote inataka vya butiki. Sukre, biskwi, bombo, spageti, sardini ya kopo. Sombe na maharagi vinageuka chakula cha siku za ukosefu. Mtoto anafungua sufuria, anauliza: "Mama, tena sombe?" Na baba mwenyewe, mwenye kukula bugali na chumvi wiki tatu pembeni ya shimo, anajibu kwa niaba ya mama: "Leo tukule kama watu." Basi, mama atabishana na nani?

Hatuandiki hapa kwa kumhukumu mtu. Mwenye kushinda chini ya udongo, ao ndani ya maji ya Ulindi, ana haki ya kufurahi na watoto wake. Na biskwi ya Shabunda si biskwi tu. Bukavu iko mbali, kilomita zaidi ya 300, barabara ya Burhale mvua inaikata, na vitu vingi vinatufikia kwa ndege ndogo, kwa pikipiki, ao kwa mgongo wa watu. Kitu chenye kupanda ndege tunakiheshimu. Chenye kuota nyuma ya nyumba, hapana. Lakini tuhesabu kidogo, sawa vile negosian anavyohesabu: ukinunua sukre moja hapa kwetu, unalipa maji, sukari, na mafuta ya ndege.

Chupa ya mililita 330 inabeba karibu gramu 35 za sukari, ni kusema vijiko saba ao nane vya chai. Shirika la afya duniani, OMS, lilisema mwaka 2015 kwamba hata kwa mtu mzima ni vizuri sukari ya kuongezwa isipite gramu 25 hivi kwa siku. Sasa mpe chupa nzima mtoto wa miaka tatu, na biskwi juu yake, saa tano. Saa saba mama anapakua, mtoto hataki. Hajakula, lakini njaa hana. Hapo ndipo mtego uko. Biskwi si sumu. Ubaya wake ni kwamba inakaa mahali pa chakula na haifanyi kazi ya chakula.

Na kwetu Kivu tunajua kazi hiyo isipofanyika ni nini kinafuata. Tunaiita bwaki. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na laini, mtoto anakuwa na huzuni, hachezi tena. Bwaki ilisumbua mkoa huu sana, mpaka Bukavu ikapata Comité Anti-Bwaki yake tangu miaka ya 1960. Ubaya mwingine wa bwaki ni kwamba inadanganya macho: uso umevimba, majirani wanasema "angalia vile amenenepa, baba yake anapata kule shimoni". Kumbe ni maji. Mtu anaweza kuuza gramu za dhahabu na kuwa na mtoto wa bwaki ndani ya nyumba moja. Uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulionyesha kwamba Kongo nzima watoto 43 kwa mia, wenye chini ya miaka tano, walikuwa wafupi kuliko umri wao. Sud-Kivu walipita nusu. Ufupi huo hauji kwa siku moja ya njaa. Unakuja polepole, sahani kwa sahani.

Kuna kitu tunapenda wababa wakisikie. Mtoto akikutwa na bwaki kituo cha afya, wanampa vile vipaketi vya Plumpy'Nut. Vilitengenezwa Ufaransa mwaka 1996. Ndani yake kuna nini? Karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Karanga zimo! Zile zile tunazoacha zioze ndani ya gunia huku tunakimbilia biskwi.

Tukisema hivi, mtu atajibu: basi tukule vya nyumbani, yote itakuwa sawa. Hapana, navyo vya nyumbani vinaweza kutudanganya. Bugali ya muhogo peke yake inashibisha, lakini gramu 100 za unga wa muhogo hazifikishi hata gramu 3 za protini, wakati karanga zinapata karibu 25 na maharagi makavu zaidi ya 20. Tena muhogo mchungu unataka siku zake ndani ya maji. Kule Bandundu familia zilikata siku tatu za kuroweka, zikafanya moja ao mbili, juu wauzaji walikuwa na haraka ya kupeleka Kinshasa. Konzo ikapata njia, ule ugonjwa wa kufa miguu ambao daktari Trolli aliuandika Kwango mwaka 1938. Konzo imeonekana pia hapa karibu, Burhinyi, katika Mwenga. Soko la kare nalo lina haraka. Uliza unga umerowekwa siku ngapi, usione haya.

Sasa, namna gani kubadilisha nyumba yenye kupenda butiki? Kwa nguvu haiwezekani. Mama akikataza yote siku moja, atapika sombe, watoto watalala bila kula, na baba atatuma mtoto kwa butiki. Tumeona njia ndogondogo ndizo zinashika.

Ya kwanza, usiondoe kile wanapenda, kichanganye. Wanapenda wali? Upike na maharagi ndani ya sufuria moja, na kitunguu na mawese kidogo. Wali na maharagi vinasaidiana, kimoja kinakamilisha protini ya kingine. Wanapenda sardini? Kopo moja ndani ya sombe ya karanga inanukia nyumba yote, na kila mtu anapata. Wanataka magi? Kipande nusu, na upunguze chumvi, juu kile kibe sehemu yake kubwa ni chumvi. Viwavi hatuna haja ya kuvihubiri kwa Warega. Vikavu vinapita nyama kwa protini, gramu kwa gramu. Ni watoto wenye kukulia karibu na butiki ndio wanaanza kuvichukia, basi visage, utie ndani ya mchuzi bila kutangaza.

Mawese, tafadhali, usiyachome mpaka yakuwe meupe. Ule wekundu ndio wenye kuleta vitamini A ya macho.

Lakini shida kubwa si ladha, ni saa. Mama naye anaamka usiku, anaenda kare kuuza ao kutwanga mawe, na mtoto anaachiwa franka za mandazi. Kwa hiyo siku ya Yenga karanga zinakaangwa, zenye kuvu zinatupwa, zingine zinasagwa unga na kuwekwa ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Asubuhi vijiko viwili ndani ya uji, na unga wa ndagala kwa mwenye nao. Dakika kumi. Maharagi yanarowekwa usiku ili yasikule makala yote. Yai la kuchemsha na ndizi mbivu mtoto mkubwa anaweza kumpa mdogo bila kuwasha moto. Na ile sufuria iliyochoma dhahabu na merkiri isirudi jikoni hata siku moja, hata ukiisugua na mchanga.

Mdogo apewe sahani yake. Kwenye sahani moja ya wote, mkono mkubwa unamaliza samaki, wa kidogo unabaki na bugali.

Halafu kuna baba. Akisema mbele ya watoto "sombe ni ya wamaskini", mama amekwisha kushindwa. Akiiomba yeye mwenyewe, watoto watanyang'anyana. Tena pesa ya kare ikifika, kilo za maharagi, karanga na samaki wakavu zinunuliwe siku ile ile, mbele ya deni za kanyanga hazijaanza kuita. Sukre nayo isifukuzwe: iwe ya Yenga, kisha kula, chupa moja ndani ya vikombe vinne.