Baba wa Gil-galad ni Nani?

Anayesoma The Silmarillion ya J.R.R. Tolkien, iliyotoka 1977, anaambiwa waziwazi kwamba Gil-galad, Mfalme Mkuu wa mwisho wa Waelfi wa Noldor, ni mwana wa Fingon. Akifika kwenye The Peoples of Middle-earth ya 1996, anakuta baba ni Orodreth. Vitabu vyote viwili vilihaririwa na mtu mmoja, Christopher, mwana wa Tolkien. Je, kipi kinasema kweli?

Chanzo cha mkanganyiko huu ni namna Tolkien alivyotunga. Alimpata mfalme kwanza, wazazi wakatafutwa baadaye. Miaka ya 1930, alipoandika habari za kuzama kwa kisiwa cha Númenor, alihitaji mfalme wa Waelfi atakayeshirikiana na Elendil, kiongozi wa wanadamu, kupigana na Sauron, Bwana wa Giza. Katika rasimu hizo Gil-galad ni wa uzao wa Fëanor. Baadaye akahamishiwa kwa Finrod Felagund, mtawala wa Nargothrond, lakini njia hiyo nayo ikafungwa: mpenzi wa Finrod, Amarië, alibaki ng'ambo ya bahari, na Finrod akafa bila mke. Kisha Tolkien akaandika kwa penseli, juu ya mswada wa zamani, maneno machache yanayompa Fingon mke na mtoto. Mwishowe, mwaka 1965, akaamua Gil-galad awe mwana wa Orodreth, na Orodreth mwenyewe awe mwana wa Angrod, wa nyumba ya Finarfin.

Mabadiliko haya yanagusa urithi wa kiti. Fingon alipouawa katika vita vya Nirnaeth Arnoediad, ufalme mkuu ulikwenda kwa mdogo wake, Turgon. Kama Fingon alikuwa na mwana, mbona alirukwa? Mtu anaweza kujibu kwamba mtoto alikuwa bado mdogo, tena mbali, kwa Mwelfi Círdan pwani. Jibu hilo linasaidia kidogo tu, maana hadithi haisemi popote kwamba haki yake ilijadiliwa. Mfanye Gil-galad mwana wa Orodreth, na fundo linafunguka lenyewe: ufalme unabaki katika nyumba ya Fingolfin, baba wa Fingon na Turgon, mpaka Turgon anapokufa akiacha binti peke yake, Idril, ndipo unahamia nyumba ya Finarfin.

Christopher alirithi rundo la miswada inayopingana baba yake alipofariki 1973, na miaka minne baadaye The Silmarillion ilikuwa madukani. Katika kuunganisha vipande alilifuata lile dokezo la penseli. Uamuzi huo ukadai mwingine. Katika Unfinished Tales ya 1980 kuna barua ya Gil-galad kwa mfalme wa Númenor. Tolkien alikuwa ameandika kwamba Gil-galad ni wa nyumba ya Finarfin, naye Christopher akabadilisha asomeke mwana wa Fingon, ili vitabu vipatane. Namheshimu sana kwa kuyaeleza haya yote hadharani katika miaka ya 1990, na kukiri kwamba ingekuwa heri ukoo wa Gil-galad ungeachwa bila kutajwa.

Hata hivyo Orodreth naye hakupewa nafasi ya kuwa baba ndani ya simulizi. Tolkien hakurudi kuiandika upya habari ya shujaa Túrin na kuanguka kwa Nargothrond, ambamo Orodreth ana binti, Finduilas, na hakuna kaka anayemlilia wala kulipiza kisasi chake. Nasaba ya 1965 ni uamuzi wa mwisho wa mtunzi, ila hadithi haikupata muda wa kuufuata. Na The Lord of the Rings, ambayo Tolkien aliichapisha mwenyewe, haimtaji baba yeyote.

Kwa hiyo nashika hivi: ukiulizwa Tolkien aliamua nini mwisho, jibu ni Orodreth. Fingon ni chaguo la mhariri, na mhariri mwenyewe alilikana. Chukua kalamu, uandike hivyo pembeni ya ukurasa wa The Silmarillion yako.