Vitabu vya Unguja kwa Nyumba Nzima

Ndugu msomaji, tazama nyumbani kwako. Mtoto alimaliza shule mwaka juzi, madaftari yake yakaishia kuwashia moto jikoni. Tangu siku ile amesoma nini? Majina ya mabasi na matangazo ya dukani. Kusoma kusikotumiwa huota kutu, kama jembe lililosahauliwa mvuani. Wala tusimlaumu mtoto peke yake, ikiwa nyumba nzima haina kitabu hata kimoja cha kumpa.

Mtunza maktaba mwema, ukimwomba kitabu, hukuuliza kwanza: atakayesoma ana umri gani, naye apenda nini? Leo na tufanye kama yeye, na tuchague vitabu vinavyohusu kisiwa kimoja tu, Unguja. Kwa nini Unguja? Kwa sababu mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, hiki tunachofundishwa shuleni. Basi asomaye vitabu vya huko anachota maji kisimani penyewe.

Watoto wadogo

Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliketi na wenyeji wa mji, akaandika hadithi walizomsimulia. Zilichapwa London mwaka 1870. Humo yumo kima aliyeokoka mbele ya papa kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Humo yumo pia sultani mwenye paka. Paka alikula ndama, watu wakaja kushtaki. Sultani akawajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Paka akala mbuzi, akala ng'ombe, mwisho akala watu, na sultani hakumgusa. Hata siku moja paka akawala wana wa sultani mwenyewe.

Wasimulie watoto wako hadithi hiyo jioni, kisha uwaulize: kosa lilianzia wapi? Utastaajabu kwa majibu yao.

Wanaomaliza shule ya msingi

Hawa hupenda kitendawili kinachowanyima usingizi. Wape "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1957/58, kikachapwa mwaka 1960. Maiti yaonekana penye mzimu, na watu wanashikwa na hofu. Bwana Msa, mwenye kiko chake, hakubali kutishwa. Anatazama, anauliza, anapima maneno ya kila mtu. Katika vijiji ambamo kila ugonjwa hutafutiwa mchawi, ni jambo jema mtoto ajifunze kuuliza kabla ya kushtaki.

Wasichana wasome pia "Wasifu wa Siti binti Saad", ulioandikwa na Shaaban Robert wa Tanga. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya kimaskini, akauza vyungu. Hata mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na jina lake lingali latajwa.

Vijana wanaotafuta kazi

"Kuli" cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979, ni chao. Ni habari za Rashidi, mtoto wa kuli, ambaye naye anakuwa kuli katika bandari ya Unguja. Mgomo unaosimuliwa ni wa kweli. Ulitokea mwaka 1948. Kijana aliyebeba mizigo kwa ujira mdogo hatahitaji kuelezwa mengi. Atajiona mwenyewe humo.

Baba na mama

Wazazi, msidhani vitabu ni vya watoto tu. Viwili vinatuhusu sisi hasa.

Cha kwanza ni "Utengano" cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 1980. Bwana Maksuudi anaheshimiwa hadharani, na nyumbani mwake ni mkali kupita kiasi. Bintiye Maimuna anafungiwa ndani asiijue dunia. Naye anatoroka, anaangukia katika maisha ya aibu. Kitabu hiki ni cha watu wazima. Mzazi akisome kwanza mwenyewe.

Cha pili ni "Peponi" cha Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akakitia katika Kiswahili, kikatoka mwaka 2022. Kijana Yusufu anachukuliwa na tajiri ambaye yeye humwita mjomba. Kumbe baba yake alikuwa na deni, na deni hilo linalipwa kwa mtoto. Wangapi kati yetu wamemtoa mtoto kwenda kutumika mjini, wakajiambia kuwa anakwenda kwa jamaa?

Vitapatikanaje?

Utasema: fedha hakuna. Ni kweli. Lakini jamaa watano wakichanga, kitabu kimoja kitazunguka nyumba tano. Uliza pia katika shule iliyo karibu nawe, au katika maktaba ya mkoa siku ya kwenda mjini. Kivike kitabu karatasi ngumu, kiweke juu, mbali na mchwa na moshi.

Wala si lazima kila mtu ashike kitabu chake. Asome mmoja kwa sauti baada ya chakula, kurasa chache tu, na wengine wasikilize, hata bibi asiyejua herufi. Nawe umpe kazi hiyo yule aliyemaliza shule mwaka juzi. Siku za kwanza atakwama katika maneno. Mvumilie. Kabla kitabu hakijaisha utasikia amekwisha rudi.