Dada yuko SAUT, na wewe lazima uende hukohuko?

Upo Kasoli, Bariadi, umemaliza kidato cha sita na dada yako anasoma SAUT, Mwanza. Nyumbani wameshaamua: na wewe ni hukohuko. Hoja yao ina mashiko. Mtapanda basi moja kupitia Lamadi, mtakaa geto moja, kodi moja, na mfuko wa michembe mtakula wote.

Ila chuo hakiangalii undugu. Tangu 2017 maombi yanaenda moja kwa moja chuoni, na kwa shahada unahitaji angalau masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Kozi nyingine zinadai zaidi.

Mkopo nao ni wa mtu mmoja mmoja. Bumu la dada ni la dada, na deni ni lake: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kama mzee anapanga hela hiyo iwalishe wawili kwa kuwa wewe umekosa mkopo, mwambieni ukweli mapema, kabla hela ya pamba haijaisha. Vinginevyo ni msoto kwa wote.

Halafu kuna kozi. Dada anasoma ualimu, wewe unataka udaktari? CUHAS ipo Bugando, Mwanza hiyohiyo. Dada yupo karibu, chuo ni chako.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kwenye fomu andika namba yako, siyo ya dada.